Mnaoendesha Kusini: kubadilisha spea ambayo bado nzima ni kutupa hela. Nipingeni

#1 Ngalawa_ya_Mikindani
Wakuu, salaam.

Nina Noah ya zamani, SR40, injini ya 3S. Mwezi wa 12 nataka kwenda nayo Dar na familia, kama kilomita 560 kutoka Mtwara mjini. Nimeipeleka kwa fundi aicheki, kaniandikia orodha: mkanda wa taiming (ule unaopanga mwendo wa pistoni na vavu), pampu ya maji, hozi zote, boljointi mbili (viungo vya magurudumu ya mbele), pedi za mbele, plagi, rejeta kuflashi (kusafishwa ndani). Nikamuuliza, kati ya hivi kipi kimekufa? Akajibu, "Hakuna bosi, ni kinga tu."

Hoja yangu ni hii. Hozi iliyopo ilikuja na gari kutoka Japani, ina zaidi ya miaka ishirini na haijapasuka. Hiyo anayotaka kunifungia inatoka kwenye boksi ambalo hata muuza duka hajui limetoka wapi. Yaani natoa kitu kilichojithibitisha, naweka nisichokijua, na bado nalipia ufundi. Kwa mazingira yetu ya Lindi na Mtwara, subiri kitu kife, badilisha hicho hicho, maisha yaendelee. Anayepinga aje na sababu, vitisho sitaki.

#2 Mchinga_Mbili
Sababu utazikuta Somanga saa nane usiku, mkuu. Zinasubiri pale pale barabarani.

#3 Kaka_wa_Masasi
Mtoa mada, mengine yote subiri yafe, ila mkanda wa taiming hausubiriwi. Ukikatika pistoni zinagonga vavu, vavu zinapinda, hedi (kichwa cha injini) inashuka, unaanza kuulizia injini nzima. Na haukupi taarifa. Pedi itapiga kelele, boljointi itagonga kwenye mashimo, mkanda unakatika kimya kimya ukiwa spidi 100.

#4 Spana_Kumi_na_Mbili
#3 umechanganya mafaili. 3S-FE ya Noah haigongi. Mkanda ukikatika injini inazima tu, unaegesha, unafunga mkanda mwingine, unaweka taiming sawa, unaondoka. Tumezifungua nyingi na vavu ziko salama.

#5 Kaka_wa_Masasi
Mbona shemeji yangu 3S yake ilipinda vavu? Hedi niliishika kwa mikono yangu.

#6 Spana_Kumi_na_Mbili
Shemeji yako alikuwa na gari gani? Kama ni Nadia au Premio za mwanzo zilizoandikwa D-4, hiyo ni 3S-FSE, na hiyo inagonga kweli. Jina moja, injini mbili tofauti. Ya Noah ni FE.

#7 Kaka_wa_Masasi
Nadia. Sawa, nimekuelewa. Ila bado kuzima katikati ya Mchinga na Nangurukuru na watoto ndani siyo "injini inazima tu".

#8 Prado_ya_Shamba
Wenye dizeli msijifariji na hiyo habari ya 3S. Injini ya 1KZ inagonga, ya 1HZ inagonga. Toyota wenyewe waliweka taa ya T-BELT kwenye dashibodi, inawaka kwenye kilomita 100,000 au 150,000 kulingana na toleo, kukukumbusha.

Shida ni kwamba ile taa inazimwa bila hata kugusa mkanda. Unanunua Prado, dashibodi safi, unajisifu, kumbe aliyekuuzia kamlipa mtu aizime. Kwa hiyo mimi nikinunua dizeli yoyote ya mkanda, siulizi historia. Mkanda mpya siku ile ile, naandika tarehe na kilomita kwenye karatasi, nabandika chini ya boneti.

#9 Valvu_ya_Usalama
Mimi kazi yangu ni mitambo ya kiwandani, magari naendesha tu. Ila swali la #1 lina umri mkubwa kuliko Noah yake, nawapa kisa.

Vita Kuu ya Pili, Waingereza walikuwa na ndege za kuwinda nyambizi baharini. Kila ndege ikifikisha saa 50 angani inaingizwa karakana, inafunguliwa, inakaguliwa. Mwanasayansi mmoja, C. H. Waddington, na wenzake wakaanza kufuatilia hitilafu zinatokea saa ya ngapi. Ungetegemea hitilafu ziongezeke kadiri saa 50 zinavyokaribia, halafu ukaguzi uzipunguze. Wakakuta kinyume. Hitilafu ziliruka juu mara tu ndege ilipotoka kwa mafundi, kisha zikashuka taratibu kadiri inavyoruka. Ukaguzi ulikuwa unavuruga vitu vilivyokwisha kutulia.

Mwaka 1978 watu wawili wa United Airlines, Nowlan na Heap, wakatoa ripoti yao. Kati ya vifaa vya ndege walivyovichunguza, ni asilimia 11 tu vilivyoonyesha kwamba umri ukienda, uwezekano wa kufa unapanda. Vingine vyote, kuvibadilisha kwa kalenda hakukusaidia. Vingi kati ya hivyo hatari yao kubwa ilikuwa mwanzoni, vikiwa vipya.

Kwa hiyo jamaa wa Mikindani siyo mbishi tu. Ana watu nyuma yake.

#10 Ngalawa_ya_Mikindani
#9 Mungu akuweke. Ripoti hiyo naipeleka kwa fundi kesho.

#11 Mchinga_Mbili
Fundi atakuuliza Nowlan na Heap gereji yao iko Magomeni au Chikongola.

#12 Darubini
#9 umesema kweli lakini umeishia njiani. Kwenye ripoti hiyo hiyo, vile vilivyoonyesha kuchakaa kwa umri ni vifaa vya muundo rahisi vyenye njia moja kuu ya kufa. Tairi, pedi za breki, vitu vinavyosuguana. Sasa soma tena orodha ya fundi. Mkanda, hozi, boljointi, pedi: karibu yote ni mpira au msuguano. Hiyo 11 yako ndiyo imejaa kwenye Noah.

Halafu ndege ina injini zaidi ya moja na ina vipimo kila kona. Noah ina mshale mmoja wa joto, na nina wasiwasi kama unafanya kazi.

#13 Valvu_ya_Usalama
#12 hapo umenipata kwenye hozi na mkanda, sibishi. Boljointi nakataa. Boljointi haipimwi kwa kalenda: piga jeki, shika tairi juu na chini, tikisa. Ikicheza toa, isipocheza iache. Kukagua siyo sawa na kubadilisha, na kwenye uzi huu watu wanachanganya hayo mawili.

#14 Mama_Pikapu
Nani wa kukagua, kaka? Hapo ndipo nawashangaa wanaume wa uzi huu. Mnaongea kama kila gari lina mkaguzi.

Mimi napeleka bidhaa Newala na Tandahimba. Kitu ambacho hakuna fundi aliyewahi kunitajia bila kuulizwa ni mafuta ya breki. Yananyonya unyevu wa hewa taratibu, na sisi huku pwani unyevu siyo wa kutafuta. Mafuta ya breki ya DOT 3 yakiwa mapya yanachemka kwenye nyuzi 205, yakishanyonya maji yanashuka mpaka kama 140. Sasa shuka kutoka uwanda wa Newala na mzigo, mguu kwenye breki muda wote, halafu pedeli inazama kama unakanyaga godoro. Pedi nzima, diski nzima, hakuna kinachovuja. Utasubiri kipi kife hapo?

Nabadilisha kila baada ya miaka miwili. Chupa yake haifikii hata bei ya pweza wa kuoga kwa wageni.

Na chini ya gari pia mwangalie. Wanaopenda kupeleka magari kukimbia mchangani Msimbati, mkirudi mnaosha juu paling'ae kwa ajili ya picha. Chumvi iko chini, kwenye mabomba ya breki na kwenye chasi.

#15 Nahodha_Mstaafu
Pweza wa kuoga kwa wageni ndiye yupi huyo, dada?

#16 Mama_Pikapu
Simu imeniandikia. "Kukarimu wageni". Soma yaliyobaki babu.

#17 Nahodha_Mstaafu
Nimesoma, na mafuta ya breki nimeyapokea.

Vijana, mnabishana kubadilisha mapema au kubadilisha kikifa. Sisi tuliopita njia hii kabla ya daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, tukivuka Rufiji kwa pantoni, tulikuwa na jibu la tatu: kubeba. Feni belti nyuma ya siti, hozi ya juu na ya chini, madumu mawili ya maji, waya, tubu, kopo la grisi. Hata baada ya daraja, kile kipande cha Ndundu hadi Somanga kabla ya lami kilikuwa kinakuweka siku nzima kwenye tope masika. Hukuuliza kama kitu kitakufa. Ulijua kitakufa, ukauliza utakifunga kwa taa gani.

Kwa hiyo bwana wa Mikindani, hozi yako ya Japani iache mahali pake kama unaipenda hivyo. Nunua hiyo mpya, iweke buti.

#18 Ngalawa_ya_Mikindani
Nahodha, hili ndilo nalikubali. Naibeba, siifungi.

#19 Spana_Kumi_na_Mbili
Mkanda wa taiming utaufunga mwenyewe kando ya barabara Mchinga? Na puli ya krenki utaitoa na nini, meno?

#20 Dereva_wa_Hesabu
Naomba niwape upande mwingine. Mimi naendesha ya mtu. Gari inapeleka hesabu kila jioni, bosi yuko Dar. Nikimwambia bosi gari inahitaji sevisi na bado inatembea, anasikia kwamba nataka kumuibia. Nikimwambia imezima Mingoyo na abiria wameshuka, hela inaingia kwenye simu ndani ya nusu saa, na nyingine ya chakula juu.

Sasa niambieni, mimi dereva nitaripoti mlio wa beringi mapema kwa faida ya nani? Gari nyingi za biashara hapa zinakufa kwa sababu hiyo, hata oili zinapitilizwa muda wake. Hakuna cha falsafa ya kinga.

#21 Prado_ya_Shamba
#20 umenifanya nimpigie dereva wangu sasa hivi.

#22 Dereva_wa_Hesabu
Atakuambia gari iko vizuri bosi.

#23 Tanuri
Mbona hakuna anayezungumzia joto? Gari nyingi huku hazifi kwa umri, zinakufa kwa kuchemsha. Na dawa ya kuchemsha inajulikana: toa themostati (ile vavu inayofungua na kufunga njia ya maji ya kupoza injini). Hali ya hewa ya kwetu haihitaji themostati, ile ni kwa ajili ya baridi ya Japani. Ukiitoa maji yanazunguka bure, injini inapoa. Hiyo ndiyo kinga ya kwanza ninayoifanya kwenye kila gari.

#24 Darubini
Hapana, hapana. Themostati nyingi za Toyota zina sahani mbili. Ya juu inafungua njia ya rejeta injini ikipata moto, kwenye nyuzi 82 hivi. Ya chini wakati huo huo inaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa yote, ile njia ya mkato inabaki wazi maisha. Sehemu ya maji haifiki rejeta kabisa. Siku ya mlima na mzigo unachemsha zaidi, na siku za kawaida injini haifiki joto lake, inakunywa mafuta.

#25 Tanuri
Nimezitoa miaka mingi na gari zinatembea. Nadharia zenu za sahani mbili mbaki nazo.

#26 Spana_Kumi_na_Mbili
Zinatembea kwa sababu hazipandi mahali. Mpe Mama Pikapu moja aipandishe Newala.

Kuhusu joto, kabla hujatoa chochote angalia mfuniko wa rejeta. Una namba, 0.9 au 1.1, hiyo ni presha. Kwa presha hiyo hata maji matupu yanakuwa hayachemki kwenye 100, yanasogea karibu na 120. Mpira wa mfuniko ukichoka presha inatoka na yanachemka mapema. Watu wanafungua hedi kwa kosa la mfuniko. Halafu acheni kujazia maji ya kisima cha chumvi, yanaota ukoko ndani ya rejeta. Kulanti (kimiminika cha kupoza injini) nyekundu ya Toyota mwongozo ulisema miaka 2 au kilomita 40,000, ile ya pinki ya magari mapya zaidi ni 160,000 mara ya kwanza, kisha kila 80,000. Msichanganye rangi mkidhani ni juisi.

#27 AMCOS_Mwenyekiti
Nimesoma wote, mmezunguka tu. Jibu liko kwenye korosho. Minada ikianza Oktoba na malipo yakitoka, nenda gereji yoyote Masasi, Newala, Tandahimba, hakuna pa kukanyaga. Kila mtu anafanya kinga: tairi mpya, shokapu mpya, hata rangi. Ikifika Aprili gari hiyo hiyo inatembea na oili nyeusi, mwenyewe anasubiri msimu. Mwaka ambao bei imeshuka hata Desemba hakuna anayefungua boneti.

Hatuchagui kati ya kinga na kusubiri. Tunachaguliwa na mnada.

#28 Kaka_wa_Masasi
Mwenyekiti kasema. Ila shokapu mpya tunafunga kwa ajili ya harusi, si kwa ajili ya kinga.

#29 Mchinga_Mbili
Na mzee wa Noah anasafiri Desemba, hela ya korosho mkononi, halafu anajifanya ana hoja za kisayansi.

#30 Fundi_Asiyelala
Nimeamka na uzi huu. Mmetuchambua sana, naomba na mimi nisikike.

Moja, suala la feki. Hakuna fundi anayependa kufunga feki, maana gari likirudi tunafungua bure. Mteja ndiye anayesema "nitafutie ya bei rahisi", akipewa bei ya orijino anakuja na yake mfukoni, kanunua mtumba bila kuipima. Mkanda wa mtumba! Mtu anafungiwa mkanda wa taiming uliokwisha kutembea gari lingine, halafu anaandika mtandaoni kwamba kinga haisaidii.

Pili, kwa nini tunaandika pampu ya maji pamoja na mkanda wakati haijafa. Kwenye 3S pampu inazungushwa na mkanda huo huo. Ili kuifikia unafungua kila kitu ulichofungua kwa mkanda. Ikianza kuvuja mwezi unaofuata, inalowesha mkanda mpya na ufundi unalipa upya. Hiyo hesabu ni ya kwako mteja, mimi ukirudi mara mbili nafurahi.

Tatu, plagi nakubaliana na mtoa mada. Kama ni za iridiamu na hazijafika 100,000, aliyeziandika kajazia orodha.

#31 Ngalawa_ya_Mikindani
Fundi, hapo kwenye pampu umeeleza ambavyo wa kwangu hakueleza. Angesema hivyo tusingefika huku. Mkanda na pampu naanza kulegea, hozi nabeba kama Nahodha. Boljointi sitoi mpaka nitikise mwenyewe. Na mafuta ya breki namshukuru Mama Pikapu, hayakuwepo hata kwenye orodha.

Ila #12 hujanijibu: mpira mpya usiojulikana dhidi ya mpira wa zamani unaojulikana, nani kapima?

#32 Darubini
Hakuna aliyekupimia. Lakini mpira wa miaka ishirini "haujulikani" pia. Ubonye ukiwa baridi. Kama umekuwa mgumu kama ubao au umevimba karibu na klipu, umeshakujibu.

#33 Valvu_ya_Usalama
Na ukifunga vipya, usifunge jioni ukaondoka alfajiri. Zungusha kwanza Mtwara, nenda Lindi urudi, ni kama kilomita 100 kila upande. Kama kuna kitu kimefungwa vibaya kitajionyesha ukiwa karibu na fundi wako. Waddington angekuunga mkono.

#34 Kaka_wa_Masasi
Angalieni pia tairi za spea, jamani. Kwenye namba ya DOT pembeni ya tairi kuna tarakimu nne za mwisho, mbili za wiki, mbili za mwaka. Spea ya jamaa yangu ilikuwa ya mwaka 2009, haijawahi kugusa ardhi, imejaa upepo vizuri. Ilipasuka kabla ya kufika Kilwa.

#35 Mchinga_Mbili
Hiyo ndiyo spea ya mtoa mada kabisa. Imejithibitisha.

#36 Prado_ya_Shamba
Mnaosema "kikifa utaagiza", mmesahau Mei 2024? Kimbunga Hidaya kilipokata barabara upande wa Kilwa, mabasi hayapiti, vifurushi vya Kariakoo vimekwama huko huko. Waliokuwa na haraka walizungukia Songea na Tunduru. Siku za kawaida unapiga simu leo, kesho unachukua mzigo stendi ya Mkanaledi, ndiyo maana watu wanajiona wajanja kusubiri. Ujanja huo unategemea daraja moja lisibebwe na maji.

#37 Dereva_wa_Hesabu
Wiki ile bosi alinitumia hela ya spea na spea haikuwepo. Tulikula.

#38 AMCOS_Mwenyekiti
Hahaha. Ndiyo kinga hiyo.

#39 Tanuri
Bado nasema themostati itolewe.

#40 Mama_Pikapu
Njoo Jumamosi, napandisha simenti Newala. Tutatumia gari lako.

#41 Mgeni_Nanyumbu
Samahani wakuu kwa kuingilia. Nimenunua gari la gia za mkanda, CVT, muuzaji kasema oili ya gia haibadilishwi maisha yote. Fundi wa hapa Mangaka anataka kuweka ATF ya kawaida (oili ya gia otomatiki). Nimruhusu?

#42 Spana_Kumi_na_Mbili
USIMRUHUSU. CVT ina oili yake, ukiweka ya kawaida gia boksi imekwisha. Angalia kwenye kitabu cha gari au kwenye kijiti cha oili imeandikwa ipi. Halafu fungua uzi wako, hapa bado tunamsubiri Tanuri Jumamosi.